Babu alikuwa mfungwa wa Waingereza, lakini nishani yake inasema mengine

*Msomaji ameomba jina lake lisitajwe. Barua yake tumeifupisha kidogo.*

Ndugu Mshauri,

Salaam aleikum. Mimi ni mwanamume wa miaka 61, mstaafu wa serikali, naishi Tabora, na ndiye katibu wa kamati ya ukoo wetu. Jambo hili nimekaa nalo moyoni kwa miezi kadhaa, kwa sababu kila ninayeweza kumshirikisha ni mhusika.

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Wajerumani. Aliandikishwa akiwa kijana, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akapigana tangu Tanga mwaka 1914 hadi kusini kabisa ya nchi. Mwezi Novemba 1917, wakati Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, anajiandaa kuvuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, babu aliachwa nyuma huko Umakonde pamoja na wagonjwa wengine, akiwa hawezi hata kusimama kwa kuhara damu. Waingereza waliwakuta hapo wakawachukua mateka. Baada ya vita alirudi Tabora, akaoa, akazaa, akalima karanga na mpunga mpaka alipofariki mwaka 1971, mimi nikiwa ndiyo kwanza nimeanza shule.

Kuna kisa kimoja ambacho hakuna mtoto wa ukoo huu asiyekijua. Mtunzaji wake ni shangazi yangu, kitinda mimba wa babu, ambaye sasa ana miaka 87 na akili zake ni timamu kabisa. Anasimulia kwamba siku moja kambini ofisa wa Kiingereza aliweka mezani sare mpya za kaki, akawaambia mateka kwamba anayetaka kula vizuri na kulipwa mshahara achukue yake. Babu aliishika ile sare, akaikunja vizuri, akairudisha mezani, akasema: "Mshahara wangu naudai kwa Mdachi. Kwenu sidai kitu." Akarudishwa ndani ya uzio, akavunja mawe mpaka vita vikaisha.

Ndugu Mshauri, sisi tumelelewa na kisa hicho. Kaka yangu mkubwa alipokuwa kazini aliwahi kukataa bahasha nono, na kukataa huko kulimgharimu cheo. Siku aliyorudi nyumbani na habari hizo baba alimwambia neno moja tu: "Umeirudisha sare mezani." Hadi leo katika vikao vyetu mtu akisema "sare" kila mmoja anaelewa.

Mwaka huu ukoo umeamua kumfanyia babu hitma kubwa, kulijengea kaburi lake na kuchapisha kijitabu cha historia ya ukoo. Kazi ya kuandika nimepewa mimi. Maneno ya kwenye jiwe yalishapitishwa na kikao: baada ya jina lake, yaandikwe kwamba alikuwa mfungwa wa Vita Kuu aliyekataa kuuza uaminifu wake.

Katika kutafuta karatasi za kijitabu nilifungua sanduku la bati la marehemu baba. Chini ya hati za shamba nilikuta kikopo cha tumbaku ya kunusa, na ndani yake, ndani ya kipande cha kanga, nishani ya fedha iliyokwisha kuwa nyeusi. Upande mmoja una kichwa cha mfalme wa Uingereza, upande wa pili una mtu aliye uchi juu ya farasi, pamoja na miaka 1914 na 1918. Ukingoni kumechongwa herufi ndogo ambazo niliweza kuzisoma kwa kioo cha kukuzia tu: namba, jina la babu kama alivyojulikana jeshini, na "6 K.A.R."

Nilimuuliza mwalimu mmoja wa historia asiyeijua familia yetu. Akaniambia kwamba kikosi cha sita cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kiliundwa mwaka 1917 kutokana na waliokuwa askari wa Wajerumani, wakiwemo mateka. Kwa hiyo babu hakuirudisha sare. Aliivaa.

Nimemdokeza mtu mmoja tu, huyo kaka yangu, ambaye ndiye mwenyekiti. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kilichofukiwa kisifukuliwe, na kwamba nishani hiyo ingefaa itumbukizwe chooni. Upande mwingine yuko mpwa wangu anayesoma chuo kikuu. Yeye habari ya nishani hana, lakini kwenye kikao cha mwisho alisimama akasema hatupaswi kumsifu kabisa babu kwa uaskari wake, kwa kuwa askari wa Wajerumani ndio waliochoma maghala ya watu wakati wa Maji Maji na kupora vyakula vya wanakijiji wakati wa vita hivyo vya 1914. Wazee walimzomea.

Shangazi ndiye atakayesoma wasifu siku ya hitma. Nikiandika nilichokiona, naogopa nitamuua. Nikinyamaza, nitakuwa nimeweka uongo juu ya kaburi kwa mkono wangu. Mchapishaji anasubiri. Niandike nini?

Mjukuu, Tabora

---

Ndugu yangu Mjukuu,

Waaleikum salaam. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Niseme kwanza nilivyoielewa, ili kama nimekosea ujue kwamba yanayofuata hayakuhusu. Shida yako si nishani. Nishani peke yake ingekuwa kitu cha kufurahia, maana ni familia chache sana za Kitanzania zilizo na kitu cha kushika mkononi kinachotoka kwenye vita vile. Kinachokuumiza ni kwamba kisa kilichowalea, kilichomsimamisha kaka yako siku ya bahasha, kimeonekana ghafla hakina miguu, na hayo yametokea mikononi mwako wewe uliyekabidhiwa kalamu. Juu ya hayo kuna watu watatu unaowapenda wanaokuvuta kila mmoja upande wake, na wawili kati yao hawajui kwamba wanakuvuta.

Naomba tuanze na hicho kitu chenyewe, kwa sababu naona umekipa kusema zaidi ya kinavyoweza. Nishani za namna hiyo Waingereza waliwapa waliowatumikia katika vita vile, na jina la ukingoni linaonyesha mtu na kikosi chake. Haionyeshi siku aliyoandikishwa. Haionyeshi kama aliombwa, alishawishiwa au alisukumwa, wala haionyeshi alipelekwa wapi: kuwakimbiza wenzake wa zamani huko Msumbiji, au kulinda ghala na reli mamia ya maili kutoka mstari wa mapigano. Wewe umeandika "babu hakuirudisha sare, aliivaa", kana kwamba lazima moja kati ya hayo liwe uongo. Mimi sioni kwa nini yote mawili yasiwe kweli. Mtu anaweza kuikunja sare na kuirudisha mezani mwezi Desemba, kisha akaichukua mwezi Machi. Wengi waliowahi kukaa kizuizini, katika vita na hata katika magereza ya kawaida, watakwambia kwamba siku ya kwanza na siku ya mia si siku za mtu yule yule.

Hebu fikiria alikuwa wapi. Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma mwishoni mwa Novemba 1917 alichagua wenye nguvu, akaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi kwa makusudi, kwa sababu hakuwa na chakula wala dawa za kuwatosha. Siku chache baadaye kikosi kingine cha Wajerumani kilichoongozwa na Tafel, kilichokuwa kikitokea Mahenge, nacho kikajisalimisha kwa njaa. Kwa hiyo kwa muda mfupi Waingereza walijikuta na maelfu ya mateka Waafrika katika nchi iliyokwisha kuliwa mpaka mbegu. Babu yako, kwa maelezo yako mwenyewe, alikuwa hawezi kusimama. Mateka wa hali yake alikuwa na milango michache: kukaa ndani ya uzio akisubiri mgao, kupewa mzigo abebe kama wapagazi waliokuwa wakifa njiani kwa makumi ya maelfu, au kuvaa sare na kula chakula cha askari. Halafu mwaka 1918 likaja homa la mafua, likapita kambini na mijini bila kuuliza nani ni wa upande gani. Sheria za vita za wakati ule, Mkataba wa Hague wa 1907, zilikataza dola kuwalazimisha raia wa adui wapigane dhidi ya nchi yao. Lakini katika mazingira yale mtu hahitaji kupigwa bakora ndipo tuseme alilazimika.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye neno mnalotaka kulichonga kwenye jiwe, yaani uaminifu. Uaminifu kwa nani? Kama alikuwa kijana alipoandikishwa miaka michache kabla ya 1914, basi babu yako alizaliwa karibu na mwaka 1893, mwaka ambao Mtemi Isike wa Unyanyembe, hapo hapo Tabora, alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake mwezi Januari ili asishikwe na Wajerumani. Nchi ya babu yako haikuwa Ujerumani, kama ambavyo haikuwa Uingereza. Alipovaa sare ya kwanza alikuwa tayari anamtumikia aliyemshinda mtemi wa wazazi wake, na sijui kama kuna aliyemwita msaliti kwa hilo nyumbani kwenu. Sisemi haya ili nimtie doa. Ninauliza tu kwa nini sare ya pili ndiyo inayokuuma, na ya kwanza mmeifanya fahari.

Sehemu ya jibu naamini iko nje ya familia yenu. Baada ya vita Wajerumani walioyapoteza makoloni yao walikuwa na hamu kubwa ya kuyarudisha, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba walitawala vizuri, ushahidi ukiwa askari Waafrika waliowafuata mpaka mwisho bila kuyumba. Picha ya askari mwaminifu ilienezwa kwa vitabu, mihadhara na sanamu. Hesabu hazikubaliani nayo. Mwanzoni mwa 1916 Lettow-Vorbeck alikuwa na askari Waafrika takriban 11,000. Alipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, waliokuwa naye walikuwa zaidi kidogo ya 1,100. Wengine walikufa, wengine walitekwa, na maelfu walijiondokea zao kwenda makwao pale walipoona mshahara haupo na familia zao ziko nyuma ya mstari wa adui. Babu yako, kwa kuachwa mgonjwa, hakuwa hata mmoja wa waliotoroka.

Lakini ndiye aliyepaswa kuishi miaka zaidi ya hamsini katika nchi ambamo sifa zilikwenda kwa wale elfu na mia. Katika miaka ya 1920 serikali ya Ujerumani ilileta fedha za kulipa malimbikizo ya mishahara ya askari wake wa zamani, na aliyedai alipaswa kuthibitisha madai yake. Mwaka 1953 Lettow-Vorbeck mwenyewe, akiwa mzee wa miaka 83, alifika Dar es Salaam na askari wake wa zamani wakaenda kumlaki. Mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi ikaamua tena kuwalipa waliobaki hai, na kuna masimulizi yanayorudiwa sana kwamba huko Mwanza wazee wengi walikuja bila cheti chochote, basi mlipaji akampa kila mmoja ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Sijui kama babu yako alisafiri kwenda kudai chake. Hilo ni swali zuri la kumuuliza shangazi, na nitalirudia. Ninachotaka ukione ni kwamba mtu aliyepita katika sare zote mbili alikuwa na sababu nyingi za kuisimulia moja na kuifungia nyingine kwenye kikopo cha tumbaku, bila kuwa mwongo wa tabia.

Na hata hivyo hakuitupa. Wala baba yako hakuitupa. Kikopo kilikuwa kwenye sanduku la nani? Ni baba yako huyo huyo aliyemwambia kaka yako "umeirudisha sare mezani", na yeye ndiye aliyeiweka nishani chini ya hati za shamba, mahali ambapo karatasi za maana huwekwa. Yawezekana hakujua ni kitu gani. Yawezekana pia alijua vizuri, akaendelea kusimulia kisa hicho kwa sababu aliona kinajenga. Umeandika kana kwamba wewe ndiye wa kwanza kugundua. Sina hakika na hilo, na kwa sababu hiyo hiyo sina hakika kwamba shangazi yako ataangushwa na habari hii. Tunawahurumia wazee kwa kudhani hawajui, wakati mara nyingi wao ndio walioamua sisi tusijue. Mwanamke wa miaka 87 aliyekulia katika nyumba ya askari wa zamani, tena akiwa kitinda mimba wake, yaelekea amewahi kukiona kile kikopo.

Sasa tuziangalie njia zilizo mbele yako, maana sitaki kukuacha na maswali matupu.

Unaweza kuchapisha kama kikao kilivyopitisha. Siku ya hitma itapita kwa amani, shangazi atasoma kwa sauti yake, na huenda hilo ndilo zawadi ya mwisho mtakayompa. Hatari yake ni kwamba nishani itabaki ipo, na mpwa wako ni kijana wa kusoma. Siku atakayoikuta, wewe ukiwa haupo, hatakuwa na mtu wa kumweleza habari ya kambi wala ya kuhara damu. Atakuwa na jiwe linalosema hivi, fedha inayosema vile, na saini ya katibu katikati yake.

Unaweza kuandika yote waziwazi. Kuna watu wa ukoo wenu, hasa vijana, ambao wangempenda babu zaidi kwa kumjua hivyo. Lakini siku ya kumrehemu marehemu si siku ya kutoa habari mpya kumhusu. Watakaosikia hawatasikia "mateka aliyekuwa na milango mitatu", watasikia "kumbe babu alidanganya", na watalisikia hilo shangazi akiwa amesimama mbele yao na karatasi mkononi. Hata kama ukweli ni wako kuusema, saa na mahali si vyako peke yako.

Kuna ile ya kaka yako, ya chooni. Kwa hiyo tu naomba uniruhusu niwe mkali kidogo: usiiguse kwa sasa. Njia nyingine zote zinaweza kurekebishwa baadaye, hiyo haiwezi. Usiisugue pia ili ing'ae, maana ukisugua sana unaweza kufuta zile herufi za ukingoni. Iache kwenye kanga yake, mahali pakavu. Na kuhusu kaka yako mwenyewe, sikiliza kilicho chini ya hasira yake. Yeye alilipa cheo chake kwa ajili ya kisa hicho, na sasa unamwambia huenda kisa hakikuwa hivyo. Ningekuwa yeye ningenyamaza muda mrefu pia. Huenda anahitaji kuambiwa na mdogo wake kwamba ile bahasha aliirudisha yeye, kwa mkono wake, na hakuna kikopo kitakachofunguliwa kikabadilisha hilo.

Njia nyingine ni kwenda kwa shangazi kwanza, peke yako, kabla ya kikao na kabla ya mchapishaji. Ukiichagua, nakushauri usianze kwa kumwekea nishani mapajani kama askari polisi mwenye kielelezo. Anza na kumuuliza mambo ya babu ambayo hayamo kwenye kisa. Alikula nini kambini? Kambi ilikuwa wapi? Rafiki zake uzeeni walikuwa akina nani, na walipigana upande upi? Mwaka 1964 alikwenda kudai fedha za Wajerumani, au alikaa nyumbani, na kama alikaa, alisema kwa nini? Wakati huo shangazi alikuwa mwanamke wa miaka 26, lazima anakumbuka. Mwombe ruhusa ya kurekodi sauti yake kwa simu, kwa ajili ya kijitabu, jambo ambalo ni kweli na ambalo litakuwa na thamani lolote litakaloamuliwa. Majibu yake yatakuonyesha kama mlango uko wazi. Ukiona uko wazi, mwonyeshe, na mwache asome mwenyewe au akuombe umsomee. Njia hii nayo ina hatari yake: anaweza kukuagiza unyamaze. Akikuagiza hivyo, kama mtoto wa kaka yake utafungwa na heshima, na utakuwa umebeba mzigo ule ule lakini sasa ukiwa na amri juu yake. Jiulize mapema kama uko tayari kwa hilo.

Tena kuna uwezekano wa kutenganisha jiwe na kijitabu. Jiwe huwa halivumilii maelezo marefu. Jina, miaka, na kwamba alipigana katika Vita Kuu na akawa mfungwa wa vita: hayo hakuna anayeyapinga, hata mpwa wako. Kijitabu kina nafasi zaidi. Kisa cha sare kinaweza kuandikwa kikamilifu, kwa jina la shangazi kama msimulizi wake, kwa maneno yake mwenyewe mpaka lile la Mdachi, na ukurasa unaofuata ukawa na picha ya nishani pande zote mbili pamoja na maandishi ya ukingoni, bila hukumu. Wapo watakaosema katibu amekwepa. Na kweli ni aina ya kukwepa, kwa kuwa unamwachia msomaji kazi ambayo wewe umeshindwa kuifanya. Lakini pia ni namna ya kukiri kwamba hujui kilichotokea kati ya meza ile na nishani hii, na kwa sasa huo ndio ukweli wako wote.

Ukitaka kujua zaidi kabla ya kuandika, milango ipo ingawa si mipana. Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam zina mafaili ya enzi ya Wajerumani na ya Waingereza. Nyaraka za taifa za Uingereza ziko Kew, London, na huko ndiko kumbukumbu za vikosi vya Kiingereza zinakotafutwa. Shirika la Msalaba Mwekundu mjini Geneva limehifadhi mamilioni ya kadi za mateka wa vita vile, lakini walioorodheshwa ni wanajeshi wa Ulaya zaidi. Nyaraka nyingi za jeshi la Kijerumani ziliungua Potsdam mwezi Aprili 1945. Waafrika wa vita vile hawakuandikwa kwa uangalifu, na hilo si dhana yangu: mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tafuta, lakini usiahirishe maisha yako kwa kusubiri faili. Ile namba iliyo ukingoni mwa nishani ndiyo itakayokusaidia kuliko jina, maana majina ya askari wa wakati ule yanafanana sana, na wengi waliandikishwa kwa jina ambalo mama zao hawakuwapa.

Siwezi kumaliza bila kusema kuhusu mpwa wako. Mlimzomea, na naelewa kwa nini, lakini alichosema si utovu wa adabu. Majeshi yote mawili yaliishi kwa kula chakula cha wakulima, na njaa ya Mtunya iliyowaua Wagogo wengi kuanzia miaka ya mwisho ya vita ilikuja juu ya nchi ambayo nafaka, mifugo na wanaume wake vilikwisha kuchukuliwa na vita. Katika kila safu ya askari kulikuwa na wapagazi wengi kuliko askari, ambao hakuna ukoo unaowafanyia hitma kwa upagazi wao. Kijana huyo anataka babu yake akumbukwe pamoja na waliomlisha na kumbebea. Sidhani ombi hilo linapingana na la shangazi kama mnavyodhani. Huenda hata ndiye mtu wa kukusaidia kuandika, endapo utaona wakati wa kumwamini umefika, ingawa vijana wa umri wake hupenda kutangaza kabla ya kutafakari, na wewe unamfahamu kuliko mimi.

Umeuliza kama kunyamaza ni uongo. Kunyamaza kwa mtu anayetafuta namna njema ya kusema si sawa na kunyamaza kwa mtu aliyekusudia isijulikane kamwe, na kwa jinsi ulivyoandika naona uko katika kundi la kwanza. Hata hivyo mstari kati ya hao wawili husogea kadiri siku zinavyopita, na wewe mwenyewe ndiye utakayejua siku utakapouvuka.

Kuhusu mchapishaji, hitma haihitaji kijitabu. Inahitaji watu, kisomo, dua na chakula, na hayo yote yanaweza kufanyika tarehe mliyoipanga, wakati ukurasa wa babu ukiwa bado uko mezani kwako na jiwe likiwa bado halijachongwa. Kwa kamati unaweza kusema tu kwamba kuna mambo ya babu unataka kuyathibitisha kwa shangazi kabla ya kuyachapa, na hakuna mzee atakayekulaumu kwa kumtanguliza yeye. Ukishakaa naye, niandikie, hata kama atakuwa amekukatalia.

Wako,
Mshauri